Fabian Mwanyumba na Posta ya Ijumaa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Benard, mdogo wake Pamela, mjane wa marehemu, na familia imenichagua nisome kwa sababu nimewahi kufukuzwa kazi katika nchi nne, hivyo nimezoea kusimama mbele za watu nikijieleza.

Shemeji yetu Fabian Mwanyumba alizaliwa tarehe 3 Machi 1964 huko Wundanyi, Taita, na alipotimiza miaka mitatu akachukuliwa na baba yake, aliyekuwa mpishi, kwenda Ushelisheli, akasoma kisiwani Mahé hadi mwaka 1981, na mwaka uliofuata akaajiriwa na posta, akapelekwa kisiwa cha La Digue kugawa barua kwa baiskeli. Barua zilikuja kwa boti, na bahasha nyingi ziliandikwa jina tu bila namba ya nyumba, kwa hiyo ilimbidi ajue kila mtu anaitwaje na majirani zake. Siku nyingine kazi ilikuwa kugonga mihuri kwenye bahasha tupu zenye stempu za ndege, za kuwauzia wakusanyaji wa Ulaya, na alipenda kututania kwamba nchi ile iliuza barua ambazo hakuna aliyeziandika, na zililipa kuliko za mapenzi.

Hapo kwenye dirisha la posta alimwona Pamela, mfanyakazi wa hoteli, aliyekuwa akimtumia mama yetu kifurushi Kisumu, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa Job mwaka 1993 na Akinyi mwaka 1997.

Simu zilipoila kazi ya barua, akaja Doha mwaka 2012 kuwa dereva, akaishi Al Wakrah, na hapa kanisani Mesaimeer, baada ya misa ya Ijumaa, siku yetu ya mapumziko huku, akaanzisha hii mnayoiita Posta ya Ijumaa, yaani begi moja la bluu, analopewa yeyote anayepanda ndege kwenda nyumbani, limejaa miwani ya bibi wa huyu na viatu vya mtoto wa yule, Job akilipokea Nairobi na kugawa.

Februari 2025 figo zikaanza kumsumbua, na Jumanne tarehe 11 Novemba akatuacha, begi la Krismasi likiwa nusu. Pamela akaniambia, "Benard, hilo begi tulizike naye, limemlia Ijumaa zake zote," nami kwa uvivu wangu nikakubali upesi. Jumatano akaja Nasimiyu, askari wa kule Lusail, na sweta ya mama yake, akakuta kilio, akaificha mgongoni.

"Ni ya nani?" Pamela akauliza.

"Ya mama, lakini wacha tu, dada."

"Kwenu wanamwitaje?"

"Mama Sukari."

Pamela akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akaiweka sweta begini, akanigeukia, "Kuanzia leo ni wewe. Na usinitazame hivyo, najua sanduku lako mwenyewe lilienda Muskati wewe ukiwa Jeddah."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Al Wakrah waliotupikia hata tukashindwa kumaliza, na madereva wenzake waliogawana zamu zake. Jeneza linaondoka Jumapili kwenda Wundanyi, nami nasafiri nalo pamoja na begi, kwa hiyo mwenye mzigo anione pale mlangoni kabla hajaenda kula, Ijumaa hii na zitakazofuata.

Pumzika kwa amani, shemeji, begi litajaa, na zipu nitaifunga mwenyewe, niikague mara mbili.