Leonard Kamugisha na Kofia Aliyokataa Kuzikwa Nayo

Marehemu Leonard Kamugisha alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 Kamachumu, Bukoba, mtoto wa tatu wa Mzee Tito na Mama Benadetha. Alisoma huko huko hadi darasa la nane, kisha akajifunza ufundi wa magari Mwanza. Mwaka 1982 alikuja Marekani akiwa dereva wa ubalozi, na baadaye akaendesha malori ya ghala moja la Landover.

Alifunga ndoa na Honorata mwaka 1975, wakajaliwa wana wawili, Method na Laurean. Honorata alizoea kuwaambia wageni kwamba anaye mke mwenza, mwekundu, mwenye magurudumu sita.

Huyo alikuwa gari la zimamoto. Tangu 1988 Leonard alijitolea katika kikosi cha mji wetu mdogo karibu na Woodbridge. Kikosi kilikuwa chama cha majirani. Gari, kituo, hata birika la kahawa vilikuwa mali yao. Mkuu wao, Wayne, alimpokea kama ndugu. Basi mwaka 1997, miji miwili, wetu na wa jirani, ilipotaka chama hicho kigeuzwe kikosi kimoja cha umma, chenye watu wa mshahara wa kushinda kituoni mchana, Leonard alikataa katakata. Kwake ilikuwa kunyang'anywa ukoo.

Akafanya alivyolelewa: shauri la ndugu huendewa kwa wingi. Aliujaza ukumbi wa baraza la mji waumini wenzake wa kanisani kutoka Annandale hadi Landover, na masufuria ya pilau juu yake. Serah, mwanakwaya kutoka Kenya, alimnong'oneza, "Si ulisema tunakuja kukusupport, kaka? Sasa hii ni harusi ama ni kesi?"

"We piga makofi tu, dada."

Wakapiga. Madiwani wakadhani mji mzima umekataa, wakauahirisha mpango.

Oktoba ile, mchana kweupe, nyumba ya jirani yake Cheryl, mjane, ilishika moto. Wanakikosi wote walikuwa makazini, Leonard mwenyewe yuko Landover na lori. Gari jekundu lilibaki kituoni bila wa kuliendesha. Cheryl alitoka salama. Nyumba iliteketea pamoja na picha zote za mumewe.

Leonard aliona aibu, asijue auweke wapi uso wake. Alimrudishia Wayne kofia yake ya zimamoto, akapita mlango kwa mlango kuwaomba watu waukubali mpango ule ule alioukwamisha. Wengine walimcheka. Kikosi cha pamoja kilipozinduliwa Januari 1999, aliitwa jukwaani. Akabaki amesimama karibu na mlango.

Moyo ulianza kumsumbua Machi mwaka huu huu. Akaagiza, "Honorata, siku yangu msinipambe kwa sifa. Someni na habari ya Cheryl. Na ile kofia isiwekwe juu yangu, sistahili." Tarehe 14 Agosti alianguka uani. Watu wa kikosi kipya walifika upesi, wakamfikisha hospitali akiwa hai, akawaaga wanawe. Alifariki kesho yake asubuhi.

Ameacha mjane, wana wawili na mjukuu mmoja.

Juzi, wakati wa kumuaga kanisani, Wayne alikuja na kofia. Honorata aliikataa, kama alivyoagizwa. Ndipo Cheryl alipoichukua mikononi mwa Wayne na kuiweka juu ya jeneza.

"Nyumba iliyoungua ni yangu," alisema. "Atazikwa na kofia hii."

Hakuna aliyeiondoa. Ndiyo hiyo mnayoiona.

Mungu ampumzishe kwa amani, na aibu yake ipumzike pia.