Mirella Siviero, Mama wa Delia

Baba Paroko, majirani na jamaa, mimi ni Nives, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Dada yetu Mirella Siviero alizaliwa Adria tarehe 3 Juni 1974, mtoto wa kwanza wa mzee Olindo na mama Wanda, akasoma hapohapo, akamaliza masomo ya uhasibu Rovigo mwaka 1993, na tarehe 1 Machi 1996 akaajiriwa na manispaa kuwa karani wa vizazi na vifo, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita, na wengi mlioketi hapa watoto wenu waliandikishwa kwa mkono wake.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Ivano Crepaldi tarehe 13 Septemba 2003, na tarehe 22 Januari 2009 akajifungua mtoto wa kiume, Tullio, aliyekuwa ameshafia tumboni, na siku hiyohiyo madaktari wakalazimika kumtoa mfuko wa uzazi ili wamwokoe. Kwa miaka tisa hakutamka neno juu ya mtoto, hadi walipokwenda Ugiriki, ambako mahakama iliwapa kibali, na Stamatia, mama wa watoto wawili kutoka Volos, akakubali kuwabebea mimba, kwa mbegu ya Ivano na yai la mwanamke mwingine. Delia alizaliwa tarehe 8 Mei 2019, na cheti cha huko kilimtaja Mirella kuwa mama.

Alipokileta cheti hicho kwenye dirisha lake mwenyewe la kazi, mwenzake Loredana alimwambia, "Ivano nitamwandika. Wewe siwezi, sheria yetu humtambua mama aliyezaa tu, nawe unaijua kuliko mimi." Dada akajibu, "Andika unachoruhusiwa," kisha akaenda chooni kulia. Tangu hapo, hata kumpeleka Delia chanjo ilimbidi abebe barua ya Ivano, na siku moja dukani kwa mwoka mikate mama mmoja akamuuliza, "Huyo mtoto wa kukodi mnamrudisha lini?" Dada akasema, "Akishaolewa," akachukua mkate wake, akatoka.

Njia iliyobaki ilikuwa kumwasili mtoto aliyemlea tangu siku ya kwanza, akapeleka ombi mahakamani Februari 2021, na afisa wa ustawi wa jamii akaja kukagua nyumba, akamuuliza Delia, "Huyu ni nani yako?" Mtoto akamshangaa, "Ni mama. Hukuambiwa?"

Agosti 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 11 Oktoba, akiwa amekonda sana, alitoa ridhaa yake ya kumwasili Delia mbele ya jaji mjini Venezia. Hospitalini aliniuliza kila asubuhi kama hukumu imetoka, na nilipotaka kumdanganya alinitazama, akasema, "Nives, mimi ni karani. Nitataka kuona muhuri." Alifariki tarehe 6 Februari 2023, akiwa na miaka arobaini na minane, hukumu haijatoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Rovigo, majirani waliotupikia, wenzake wa manispaa, na wewe Loredana, uliyekesha naye, na Stamatia, aliyesafiri siku mbili na sasa amempakata Delia pale mbele.

Wakili anatuambia kwamba, kwa kuwa ridhaa aliitoa akiwa hai, mume anaweza kumwomba jaji aendelee, na jaji akikubali, sheria itamhesabu Mirella kuwa mama kuanzia siku aliyokufa. Ivano alitia saini ombi hilo jana, kabla hajaenda kuchagua jeneza.

Mama Delia, pumzika kwa amani.