Mama Zamu Afika Baharini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Sally Waruguru atatoka kwenye lango la kiwanda chetu cha blanketi kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mbili, yote katika ukumbi wa ufumaji, na yote bila kujifunza kuongea kwa sauti ya chini. Hapa hakuna anayemwita Bi. Waruguru isipokuwa hati ya mshahara. Sisi tunamwita Mama Zamu.

Alianza kama kibarua wa kuokota nyuzi sakafuni, enzi zile Outer Ring Road ilipokuwa mashimo yaliyounganishwa na lami kidogo. Akapewa mashine, akaizoea, akapewa ya pili, na hatimaye akawa msimamizi wa zamu. Nyumba yake ya mtaa wa Umoja ameiongeza vyumba mpaka haijulikani tena mlango wa kwanza ulikuwa wapi, na wengi wetu tulianzia maisha ya Nairobi katika kimojawapo cha vyumba hivyo. Ukichelewa kazini, hukuwa na pa kujificha, kwa maana msimamizi wako ndiye aliyekusikia ukikoroma.

Jina la Mama Zamu lina asili yake. Ukumbi wetu una kelele, na kumwita mwenzako kwa jina ni kupoteza pumzi. Miaka ya nyuma mwenzetu mmoja aliumia kidole wakati wa kubadilishana zamu, kwa sababu watu wawili walishika mashine moja, kila mmoja akidhani mwenzake ameachilia. Wiki hiyo hiyo Mama Zamu aliweka sheria. Anayeingia anamwekea anayetoka mkono begani. Mkono ukishatua, mashine si yako tena. Humalizii safu, hufungi uzi uliokatika, hugeuki nyuma. Unatoka. Shiundu wa mashine ya pili aliwahi kubaki kidogo amalizie blanketi lake, na alifokewa mpaka blanketi lenyewe akalisahau. Tangu wakati huo hakuna aliyeumia katika kupokezana, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini tutakachomkumbukia zaidi ni matope.

Zamani matembezi ya wafanyakazi ya kila mwaka yalikuwa ni kukaa. Tulipanda gari, tukashuka, tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukala mbuzi, tukarudi mgongo ukiuma. Siku moja Mama Zamu alisimama kwenye mkutano wa ustawi wa wafanyakazi akasema mwaka huo tungetembea kwa miguu, tena Pwani, katika Hifadhi ya Kinamasi cha Mkunguni, ambako basi la kawaida la abiria linakushusha langoni. Wenzetu wa mtaa wa Pipeline waliuliza kwa nini mtu alipe nauli kufuata matope, ilhali mvua ya Aprili huwaletea ya bure mpaka kwenye ngazi. Shiundu, ambaye ni mtu wa Dandora, kwenye jalala la jiji, alisema yeye ndege hahitaji kuonyeshwa, korongo wa jalalani wanalala juu ya paa lake. Mama Zamu aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kisha akauliza nani anataka kukaa dirishani.

Safari ya kwanza ilimshinda, na tunalisema kwa upendo. Aliagiza kila mtu aje na gambuti zake za kazini, yale mabuti marefu ya mpira. Kwetu Eastlands hiyo ni busara kamili, mvua ikinyesha mwenye gambuti ndiye anayefika. Matope ya mikoko hayakuwa na habari hizo. Buti lilizama, likajaa maji, mguu ukatoka, buti likabaki. Issack, askari wa hifadhi anayetuongoza, alikuwa amevaa raba kuukuu zilizofungwa kamba mpaka juu ya kifundo, na alitungoja kwa heshima huku akiuma midomo asicheke. Buti la kushoto la Shiundu liko kule hadi leo. Mwaka uliofuata Mama Zamu alitupanga stendi na kukagua viatu vyetu mmoja mmoja kabla hajamruhusu mtu kupanda basi.

Njia yenyewe inastahili nauli. Kwanza kuna daraja la mbao katikati ya mikoko, na kaa wadogo wekundu wanaokimbilia mashimoni ukikohoa. Kisha kuna matope wazi, ambapo yangeyange, wale ndege weupe, wanatembea kwa madaha kutushinda sote. Mwishoni kuna fungu la mchanga, na ukisimama hapo unaiona bahari yote. Njia hiyo hupitika tu maji yakiwa yametoka. Yakianza kurudi, ambaye bado yuko njiani hana budi kurudi langoni. Na Shiundu wa korongo, msimuulize sasa kuhusu ndege kama hamna muda.

Mama Zamu alijiweka nyuma kabisa ya msururu, akaleta na sheria ya ukumbini: hakuna kuondoka mliposimama kupumzika mpaka wa nyuma yako akuguse bega. Ndiyo maana hatujawahi kumpoteza mtu. Ndiyo maana pia yeye hakuwahi kufika mchangani. Kila mwaka kuna mtu aliyeshindwa njiani, na aliye nyuma ndiye anayerudi naye. Mwaka wa kwanza zilikuwa gambuti. Mwaka mwingine mfanyakazi mgeni aliwaogopa kaa akakataa kuweka mguu chini. Mwaka mwingine ilikuwa mimba, na hiyo haina lawama. Ukutani mwa kantini zipo picha zetu za kila mwaka pale mchangani, tumekunja mikono kama wenye bahari. Mtafute Mama Zamu humo, hayumo hata katika moja.

Mwaka huu alitangaza kantini, sufuria zikisikia, kwamba hiyo ndiyo safari yake ya mwisho akiwa mfanyakazi na bahari ataiona kwa macho yake, hata ikibidi kutupita juu. Goti lake la kulia limeanza kumsumbua tangu mwaka juzi. Sote tulijua kwamba ni mwaka huu au basi.

Tulikuwa tumeshatoka darajani, mchanga unaonekana kabisa, Shiundu alipoingiza mguu kwenye shimo la kaa na kifundo kikateguka. Issack aliangalia maji, akasema anayekwenda aende sasa na anayerudi arudi sasa. Hajamaliza, Mama Zamu alikuwa ameshaupitisha mkono wa Shiundu shingoni mwake. Akatuambia tuendelee, kwa sauti ile ile ya miaka yote. Mimi ninayeandika haya, Nangila, ni msaidizi wake na ndiye nitakayeshika zamu yake, na nilimwona usoni. Inauma kumtazama mtu akiachilia kitu alichokitamani bila hata kukunja uso.

Nikamwekea mkono begani.

Aliniambia, "Nangila, usinichezee." Sikuuondoa. Akaeleza kwamba Shiundu ni mzito, kwamba mimi sijui kumshika mtu aliyeteguka, kwamba atamfikisha darajani tu halafu tuone. Sheria yake haina maneno. Ni Shiundu aliyemjibu, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama hao ndege wake: "Mama, mashine si yako. Toka."

Mama Zamu alimwachilia. Akaondoka na wenzake, goti likigoma, na hakugeuka nyuma.

Mimi na Shiundu tuliwangoja langoni, yeye mguu wake ukiwa kwenye ndoo ya maji baridi na mimi na wasiwasi wangu. Hatukumwona akifika. Walioona wanasema alisimama mchangani akanyamaza, na kwa wanaomjua hiyo peke yake ni habari. Aliporudi, matope yalikuwa yamempanda mpaka mapajani na kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Aliuliza kwanza habari za mguu. Kisha akasema, "Kumbe ni kubwa hivi, na miaka yote mnaniletea kwenye simu." Akacheka, halafu akalia, na sisi tukalia pia, wala hatuoni haya kuliandika.

Picha ya mwaka huu imeshatundikwa kantini. Yuko katikati, na ndiye pekee ambaye haitazami kamera.

Tarehe 30, zamu ya asubuhi ikiisha, tunajua atapita mashine moja baada ya nyingine akitafuta uzi uliokatika ili abaki kidogo. Tumejipanga. Mama Zamu, asante kwa vidole vyetu vyote kumi kumi, asante kwa vyumba vya Umoja, asante kwa matope. Goti litulie, usingizi uwe mtamu, na wapangaji wakulipe bila kukumbushwa. Matembezi ya mwakani yapo, na kiti cha dirishani tumekuwekea. Nyuma ya msururu kuna mtu.

Mkono uko begani, Mama. Toka, na usigeuke nyuma.