Anayesifu Hisa Atie Sahihi

Mgeni rasmi, Ndugu Leodgar, uliye mwandishi wa kijarida cha Mwenye Hisa, viongozi wa ushirika, wazazi wetu:

KARIBU
Karibu Bunda. Tumefurahi kukuona kwa macho. Mwaka mzima tumekujua kwa sifa zako tu, nazo ulijiandikia mwenyewe.

TULIKOTOKA
Mwaka jana, 1963, toleo lako la kwanza lilisema hisa za kinu cha kuchambulia pamba "zinanona zenyewe". Hapa kwetu, anayemsifu ng'ombe mnadani ndiye mdhamini wake. Ng'ombe akifa njiani, msifiaji analipa. Tulipoona sifa zimepigwa chapa, tukajua mdhamini tumempata. Bibi Wankyo, mjane wa Nyamhanga, hakujua kusoma. Tulimsomea sisi, tena kwa mbwembwe. Akauza maksai wake wawili wa kulimia, akanunua hisa.

MAFANIKIO
Picha ya kinu katika toleo hilo ilipendeza. Wengi tumeibandika ukutani.

MATATIZO
Kinu hakijajengwa hata msingi. Ile picha ni ya kinu cha nchi nyingine. Bibi Wankyo alipanda basi hadi Musoma, akakukuta ofisini kwako mtaa wa Mukendo, akakuuliza una hisa ngapi. Ukamjibu kwamba kazi yako ni kuandika. Aliporudi alituambia, "Mimi nilikuwaga nadhani huyu kaweka ng'ombe wake. Kumbe hata mbuzi hajaweka!" Msimu huu amelima pamba kwa jembe la mkono, na umri wake huo. Tumeumia, na tumeona haya.

MAOMBI
Leo umetuletea toleo la pili, linalosifu hisa za mashua. Tunaomba kila sifa itanguliwe na mambo haya: mwandishi amekiona kitu chenyewe siku gani, ana hisa ngapi, na mnunuzi anaweza kupoteza nini. Mtu anayeuza maksai si wa kuchekeshwa kwa picha.

Kalamu ipo mezani. Andika kwamba unawadhamini maksai wa Bibi Wankyo. Ukikataa hatutakufukuza, utakula ushibe, kisha vijarida vyako utavipakia mwenyewe urudi navyo.

Mungu akupe afya, na mkono usiotetemeka.

Ni sisi, wakulima wa pamba wenye hisa, Bunda.

Imesomwa na Bibi Wankyo mwenyewe, aliyejifunza kusoma mwaka huu darasa la watu wazima. Kitabu alichojifunzia ni toleo lako la kwanza.