Kipande cha Mtungi Ndani ya Soksi

Mugonile, ndugu zangu. Sifa zimrudie Bwana aliyetuamsha sote leo. Nimeitwa hapa mbele kama msafiri. Mzee wa kanisa amesema nitoe shukrani fupi kisha niombewe, maana Jumatano naondoka kwenda masomoni nje kwa miezi mitatu. Naomba mnivumilie. Sitakuwa mfupi, na sikuja na shukrani peke yake. Majina sitataja, lakini kijiji chetu mnakijua, nikisema mama na wifi mtageuza shingo kabla sijamaliza sentensi. Msigeuke. Niangalieni mimi.

Wengi mnajua ninachosoma, ingawa wapo wanaodhani nasomea udaktari na wameshaniletea magoti yao niyaangalie. Nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu ni vyungu, hivi hivi wanavyofinyanga mama zetu hapa ufukweni. Mama aliposikia alicheka mpaka akaweka udongo chini. Akasema, "Nilikupeleka shule usifinyange, umezunguka kote huko umerudi kwenye udongo?"

Mwaka huu chuo kimoja cha nje kikanikubali nikafanye kazi kwenye maabara yao wakati wa kiangazi chao. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Nilikwenda mjini, Bondeni, kupiga picha za pasipoti mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili ukuta wa nyuma haukuwa mweupe wa kutosha. Nikachanjwa. Nikajaza fomu mpaka vidole vikafa ganzi. Mama wadogo wakaniletea masweta, nikawaambia kule ni kiangazi, wakasema kiangazi cha Wazungu hawakiamini. Mwingine akaleta usipa mkavu, vile visamaki vyetu vya ziwani. Nikamwambia uwanja wa ndege watauzuia. Akanijibu, "Wakiunusa watauruhusu."

Mnacheka. Na mimi nilikuwa nacheka wakati ule.

Profesa atakayenipokea aliniandikia kwamba vipande vya vyungu vipya vipo vya kutosha, lakini ingefaa sana nipate kipande cha chungu cha zamani ambacho aliyekifinyanga anajulikana. Akasema kikipatikana hicho, kazi yangu itakuwa na uzito. Niliposoma barua ile nilikuwa nimekaa sebuleni, na mbele yangu, kwenye kona, juu ya mafiga matatu, ulikuwepo mtungi wa bibi.

Asiyeingia kwetu nimweleze. Bibi mzaa mama aliufinyanga mtungi ule mwenyewe, akaufanya wa maji ya kunywa. Alipofariki mama aliurithi, na hakuuuza hata miaka ya shida. Kwenye mdomo wake bibi alibonyeza dole gumba kuzunguka, alama baada ya alama. Mama akichota maji huwa anapitisha kidole chake juu ya zile alama, nadhani hata yeye hajui kama anafanya hivyo.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikuomba. Nilijua nikiomba mama atakataa, na aliyekataliwa hawezi tena kuchukua. Nikangoja mchana mmoja mama amekwenda kuchimba udongo na wifi yangu, mke wa kaka, ameshuka ziwani na vyombo. Nikachukua patasi ndogo ambayo kaka hutengenezea mtumbwi. Nilitaka kipande kidogo tu cha mdomo, kama kucha. Nikasema moyoni, kwanza nitapapaka udongo pale, nani ataona?

Mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Nilizaliwa kwenye udongo, na nina shahada juu yake. Bado niligonga mtungi uliojaa maji.

Ufa ulishuka kutoka mdomoni hadi chini, mtungi ukafunguka, maji yakanifika miguuni. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kipande kikubwa kama kiganja, chenye alama tatu za dole gumba la bibi. Nikakiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya begi, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaenda barabarani kununua vocha ambayo sikuihitaji.

Niliporudi mama alikuwa ameshafika na majirani walikuwa wamesimama mlangoni. Wifi alikuwa amepiga magoti, anakausha maji kwa kanga yake, vipande vya mtungi vimejaa mapajani mwake. Yeye ndiye aliyerudi wa kwanza akaukuta umepasuka.

Sasa wifi yangu si mtu wa ufukweni. Ametoka Ikolo, kwao ni watu wa mpunga. Alipoolewa kwetu aliomba kujifunza kufinyanga, na mnajua alivyotaniwa. Chungu chake kikipinda wanasema ana mikono ya mpunga. Kikipasuka kwenye moto, mikono ya mpunga. Na mimi nilikuwa nacheka pamoja nao. Kwa hiyo siku ile hakuna aliyeuliza nani. Mama alisema neno moja tu, tena mbele ya akina mama wote: "Nilijua mikono hii itanivunjia nyumba."

Wifi akasema, "Mama, nimeukuta hivi."

Mama akapanga vipande chini kimoja kimoja, akaona pengo kwenye mdomo. Akamuuliza, "Kile cha juu kiko wapi? Umekitupa nisijue?"

"Sijui, mama."

Mimi nilisimama palepale na vocha mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo siku ile, na kesho yake, na wiki tatu zilizofuata. Mama alimzuia wifi asiguse tena udongo. Wenzake wakikaa kufinyanga, yeye anatumwa kuni. Kaka akawa akirudi na samaki anakula kimya. Na mimi, jioni moja nikajaza fomu ya viza. Waliuliza kama nimewahi kudanganya ili nipate manufaa. Nikaweka alama kwenye "hapana." Nikajaza na fomu ya maabara. Kulikuwa na mstari unaouliza sampuli imepatikanaje. Nikaandika: "Ilikutwa imevunjika." Wifi alikuwa chumba cha pili anapiga pasi nguo zangu za safari.

Mtu akikosa huwa anajitafutia wakili ndani ya kichwa chake. Wakili wangu alikuwa hodari. Alisema safari hii ni ya ukoo mzima. Alisema wifi atasahau. Alisema ukishaondoka utamwandikia mama kutoka mbali, na kutoka mbali mambo huwa mepesi. Nilimsikiliza kila siku, na kila siku chakula kilizidi kunishinda. Watu wakasema ni hofu ya ndege.

Wifi ndiye aliyenipangia begi. Alikunja kila kitu, akaagana na sisi, akasema anakwenda kwao Ikolo kusaidia kuvuna. Hakusema atarudi lini. Mama hakumuuliza. Sisi wote tulijua mke akienda kuvuna kwao bila kutaja siku ya kurudi, hajaenda kuvuna.

Siku chache baadaye nikalibeba begi hadi Bondeni kulipima, kwa sababu ndege wanaruhusu kilo ishirini na tatu. Nikaliweka kwenye mzani wa duka la mchele. Likazidi. Mwenye duka akasema, "Dada, punguza, au uache kichwa." Nikafungua palepale juu ya magunia, nikaanza kutoa masweta ya mama wadogo. Chini kabisa nikatafuta ile soksi, nikaikuta haina kitu, imekunjwa vizuri na mwenzake.

Kisha nikaona kopo la kakao. Ndani lilikuwa limejazwa pumba za mpunga, na katikati ya pumba, kimefungwa kwa kipande cha kanga, kilikuwa kile kipande cha mtungi. Kanga niliitambua. Ndiyo aliyokaushia maji siku ile.

Nilikaa kwenye gunia la mchele la mtu nikalia, mwenye duka akanipa maji akidhani naumwa. Mtu niliyemwacha asemwe kwa ajili ya kosa langu alikuwa amelikuta kosa lenyewe ndani ya begi langu, na hakulipeleka kwa mama. Alilifunga lisivunjike.

Nikaliacha begi pale dukani, nikachukua bodaboda hadi Ikolo. Nilimkuta anapura mpunga pamoja na mama yake, vumbi limempaka hadi kwenye kope. Aliponiona hakushangaa. Tukasogea pembeni.

Nikamuuliza, "Wifi, ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipofua soksi zako. Siku ya pili yake."

"Kwa nini hukusema?"

Akafuta uso. "Ningesema, nani angeniamini? Wewe mtoto wa mfinyanzi, mimi mtu wa mpunga. Wangesema nimekiweka mwenyewe kwenye begi lako."

Nikamuuliza, basi mbona hukukitupa, mbona ulikifunga vile?

Akasema, "Nilitaka kukitupa ziwani. Nikafika hadi majini nacho. Halafu nikaona vile vidole vya bibi yenu. Nikasema, kama kimeshavunjika, basi angalau kifike salama." Kisha akaongeza, na hili ndilo linaloniuma hadi leo: "Lakini nilikungoja, wifi. Kila asubuhi nilisema leo atasema."

Nilimwomba msamaha nimepiga magoti kwenye mabua. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe, na nilistahili hivyo.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anafinyanga. Nikaweka kipande mbele yake. Alikichukua, akaingia ndani, akatoa vile vipande vingine ambavyo sikujua kama ameviweka. Akakipachika kwenye pengo. Kikakaa.

Nilingoja kelele. Mama yangu mnamjua, kelele anazo. Lakini alikaa chini akasema taratibu, "Mtungi ukianguka huvunjikia tumboni. Huu ulianzia mdomoni. Uligongwa. Niliona siku ileile."

Nikamuuliza, "Sasa mama, mbona ulimsema wifi?"

"Kwa sababu aliyebaki ni wewe," akasema. "Na wewe unasafiri. Nikajikataza kuona."

Tulilia wote wawili, mimi na mama, na kila mmoja alilia la kwake. Baadaye nikamuuliza kama ningeomba, angenipa? Akafikiri. Akasema, "Ningekukatalia. Ungerudi tena, ningekupa." Ndugu zangu, ilikuwa ni kuomba mara mbili tu.

Kesho yake mama alikwenda Ikolo mwenyewe. Nilitaka kumsindikiza, akanikataza, akasema ana magoti yake mwenyewe ya kupiga. Walichozungumza na wakwe sikijui. Alirudi na wifi wakiwa wamepanda bodaboda moja, na jioni ile wifi alikaa kwenye udongo kando ya mama. Lakini mama akaniambia, "Mimi nilimsema mbele ya watu, na wewe ulinyamaza mbele ya watu. Mambo haya hayaishi jikoni. Kabla hujaombewa safari, utasema kanisani." Ndiyo maana nimesimama hapa.

Basi nisikieni vizuri, hasa mliosimama mlangoni siku ile. Mtungi wa bibi niliuvunja mimi. Wifi yangu hana kosa, hakuwa nalo hata dakika moja.

Kile kipande nakwenda nacho, kwa ruhusa ya mama na ya wifi pia, maana tulimuuliza naye. Mama alitoa sharti moja, kwamba huko nako niseme kilipatikanaje. Nimemwandikia profesa, nimeibadilisha ile fomu. Pale palipoandikwa "ilikutwa imevunjika" sasa pameandikwa: "Mtungi ulivunjwa na mjukuu bila ruhusa." Na watu wa viza nimewaandikia vilevile. Wakinirudisha, nitarudi.

Nawashukuru. Ndaga fijo, mama, kwa kukubali kuona. Ndaga kaka, uliyekula kimya, na hukunifokea hata baada ya kujua ni patasi yako. Namshukuru mwenye duka la mchele, ambaye begi langu lilikaa kwake siku mbili. Mafundisho makubwa sina, mimi bado ninajifunza. Nimejifunza tu kwamba nilikuwa najiandaa kwa safari kwa kukusanya karatasi na masweta, na mtu niliyemkosea alikuwa chumba cha pili. Kama na wewe una mtu wa namna hiyo, nenda kabla ya chakula cha mchana.

Nilimwomba wifi asimame mumwone. Amekataa, anasema mgongo unamuuma kwa kupura. Basi maombi msianze na mimi. Anzeni na yeye palepale alipokaa. Na tukitoka nje, ninyi mliosema ana mikono ya mpunga, na mimi niliyecheka, twende tukamshike hiyo mikono. Ndiyo iliyokifunga kipande cha bibi kisivunjike mara ya pili.