Glasi ya Maji Aliyonyweshwa Sajini Ochan

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Atim, yule anayeuza nyanya na vitunguu soko la Nakasero, na sauti yangu mnaijua. Leo nimekuja kushuhudia nikiwa na hasira. Sitaificha, maana Mungu mwenyewe anaiona.

Mume wangu yule pale, kiti cha mbele. Sajini Ochan, polisi mstaafu. Mwaka jana alipigwa na kiharusi akiwa anafunga viatu. Mkono ulirudi, mguu ukarudi kidogo, koo halikurudi. Chai ilimpalia, uji ukampalia, mate yake mwenyewe yalimpalia! Mwanaume aliyekuwa anamaliza samaki mzima wa kule ziwani Ggaba kisha anauliza sufuria iko wapi, akawa analishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Alikonda. Alilia mbele ya watoto wake, ndugu zangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia.

Hospitalini wakatuambia kuna utafiti. Walikuwa wanalinganisha njia mbili za kumsaidia mgonjwa ameze tena. Wengine wanafanya mazoezi ya ulimi na koo, wengine mazoezi hayo hayo pamoja na mashine inayoshtua misuli ya shingo. Nilifoka. Nikamwambia Sista Nambi, muuguzi aliyekuwa anatuhudumia, "Nyabo, mama, mume wangu si panya wa majaribio!" Hakukasirika. Akavuta kiti, akatusomea karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, akatuambia tunaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yataendelea. Ochan mwenyewe akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Kompyuta ndiyo ilichagua nani aende wapi. Mimi nilifunga siku tatu nikiomba mashine, tukapewa mazoezi matupu! Nikamkasirikia Mungu, nikamkasirikia na Sista. "Mmetupa ile mbovu," nikamwambia. Akajibu, "Mama Atim, hatujui ipi ni bora. Tungejua, tusingekuwa tunachunguza." Jibu hilo liliniudhi kuliko yote. Nilikuwa nimezoea watu wanaojua.

Basi tukafanya. Kusukuma kijiko kwa ulimi. Kuketi wima, kidevu chini, kijiko kimoja cha uji mzito, kumeza mara mbili, kungoja. Maji matupu marufuku, maana maji yanakwenda mbio na koo lake lilikuwa linachelewa kufunga njia ya hewa. Kila siku naandika kwenye fomu: vijiko vingapi, amekohoa au hakukohoa. Vijiko vikaongezeka. Mpira wa puani ukatolewa.

Hapo ndipo ninyi mkaja.

Ndiyo, nasema ninyi! Akina mama wa maombi, mkiongozwa na Mama Grace, aliyeketi pale na ninampenda. Mlikuja nyumbani kwangu Kawempe siku ya Alhamisi, mmetoka kwenye mfungo, mmebeba chupa ya maji yaliyoombewa. Desturi yetu mnaijua: mgonjwa anayanywa mbele ya waombaji wote, glasi nzima, ndipo tunamwinua Bwana. Nikasema Sista amekataza maji. Mama Grace akaniuliza, "Unamtumikia Sista au unamtumikia Mungu?" Banange! Jamani, nyumba imejaa watu, nikawaogopa. Glasi niliitoa mimi kabatini. Kichwa chake nilikishika mimi, nikakilaza nyuma kama mtoto anayenyweshwa dawa. Ochan alinitazama, macho yake yanakataa. Nikamwambia, "Amini, Baba Atim."

Akanywa yote. Hakukohoa! Hata mara moja! Mkapiga vigelegele, mkaruka, na mimi nikaruka nanyi. Sasa sikieni nilichokuja kufundishwa baadaye: koo la mtu wa kiharusi linaweza kukosa hisia, maji yakateremka mapafuni kimya kimya, mgonjwa asikohoe kabisa. Tulikuwa tunaimba sifa na mume wangu anazama kwenye kiti chake!

Ijumaa homa. Jumamosi pumzi inakoroma, mbavu zinapanda na kushuka, tukampakia kwenye gari la jirani. Nimonia. Na Jumapili, mimi nikiwa wodini nashikilia barakoa ya oksijeni usoni pake, Mama Grace alisimama hapa hapa niliposimama akashuhudia kwamba Sajini Ochan amepona, amekunywa glasi nzima. Kanisa zima likashangilia. Mtu akanipigia simu kunipongeza! Na hakuna aliyekuja kututazama. Hata mmoja! Mtu mliyekwisha kumtangaza mzima, nani angeenda kumjulia hali hospitali? Hilo limenikaa hapa kifuani mpaka leo.

Lakini na mimi nina langu. Sista aliponiuliza homa imetoka wapi, nilisema sijui. Niliogopa kuliaibisha kanisa. Daktari anatafuta, anapiga eksirei, anauliza tena, na mimi nimefumba mdomo, mume wangu anakata roho! Jumatatu Ochan akaisogeza barakoa, akanishika mkono, akasema neno moja: "Sema."

Nikasema yote, machozi yananitoka. Nilidhani watatufukuza kwenye utafiti. Sista Nambi aliandika kila kitu, akasema, "Ahsante, mama. Nina hakika wako wengine wanaonywesha nyumbani na hawatuambii." Wakambadilishia dawa siku ile ile. Ndugu zangu, kwenye wodi ile ndipo Bwana aliponifungua. Woga wa watu ulinitoka, na haujarudi.

Mapafu yakapona. Tukaanza upya, kijiko kimoja. Leo anakula matoke laini na samaki aliyechambuliwa miiba, na juzi amenigombeza kwamba chumvi haitoshi. Haleluya! Ni mazoezi yale? Au ni mwili tu uliojiponya wenyewe? Sista anasema bado hawajui, utafiti haujaisha. Mimi namshukuru Mungu kwa yote, na ninamshukuru kwa binti yule anayethubutu kusema hajui.

Na wewe ambaye nyumbani kwako kuna mzee anayepaliwa kila akinywa chai, au anayekonda kwa sababu anaogopa kula, usimfiche wala usimnyweshe kwa nguvu. Nione baada ya ibada, nitakupeleka hospitali mwenyewe. Mtumaini Bwana kwa moyo wote, kisha mweleze daktari ukweli wote. Mimi nimejaribu nusu nusu, na karibu nimzike mume wangu.

Mchungaji, uliniomba leo, kwenye meza ya Bwana, Ochan anywe kikombe mbele ya kanisa ili watu waamini. Hapana! Nakuheshimu, lakini hapana. Juisi yake ya ushirika nimeikoroga na unga tuliopewa hospitali ikawa nzito, iko kwenye bakuli hili, na ataichukua kwa kijiko.

Mama Grace, njoo. Ndiyo, wewe. Usilie, njoo ukishike kijiko. Kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Chota kidogo. Kidevu chini, Baba Atim. Haya, meza. Meza tena.

Ngoja, Mama Grace. Kijiko cha pili ni mpaka akuambie yeye.