Tabea Solomoni Nnko, Aliyeitafuta Picha Safi (1953–2006)

Ndugu, jamaa, majirani na watumishi wa Mungu mliofika hapa Akheri, mama tunayemsitiri leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika boma hili hili, kwenye nyumba iliyokuwa pale lilipo zizi sasa. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Solomoni Nnko na Bibi Anande, ambao wote wametutangulia. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, akapata kipaimara mwaka 1968.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Siku moja alichelewa, na mwalimu akamwuliza sababu. Akasema ndama wao alitumbukia mferejini, na yeye ndiye aliyemtoa. Mwalimu akamwambia aache uongo, akamchapa. Kesho yake Tabea alifika shuleni kabla ya wenzake wote, akimvuta ndama kwa kamba, tope limemkaukia mnyama mpaka masikioni. Mwalimu alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Tabea hakucheka. Alisimama pale uwanjani akingoja kuambiwa kwamba hakusema uongo, na waliosoma naye wanasema hakuingia darasani mpaka alipoambiwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na ile karo iliyopatikana nyumbani ilimsomesha kaka yake. Hilo hakulilalamikia maisha yake yote.

Tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa takatifu na Elinami Ndewirwa Akyoo wa Makumira, dereva wa lori la chama cha ushirika. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Diana mwaka 1976 na Anande mwaka 1981. Waliishi Makumira kwenye kihamba cha chini, yaani shamba la nyumbani kwa kina Elinami, karibu na barabara, ambacho kilikuwa pori la magugu walipokikuta. Tabea na mumewe walikipanda migomba na kahawa kwa mikono yao. Elinami alikuwa mtu wa utani. Akirudi safari alikuwa akipiga honi kuanzia kwenye mfereji, na Tabea alikuwa akijifanya hasikii mpaka aitwe kwa jina. Honi hiyo ilinyamaza tarehe 5 Agosti 1991, lori lilipopinduka njia ya Namanga. Elinami alizikwa kwenye kihamba chake, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Kwa upande wa kazi, marehemu alichambua kahawa katika ghala la ushirika tangu mwaka 1970. Mwaka 1995, baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa kuingia vijijini na magari yao na mizani yao, ghala lilifungwa, na wanawake waliozeekea kwenye zile meza za kuchambulia wakaambiwa ahsanteni. Tabea akahamia kwenye mitumba. Kila asubuhi alishuka mjini Arusha kuuza nguo za watoto sokoni Kilombero. Wateja walimpenda kwa sababu alikuwa akiwaonyesha tundu la nguo kabla hawajaliona wenyewe.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilishauriwa tupapite haraka. Tumeona tusipapite haraka, kwa sababu marehemu hakupapita haraka.

Tarehe 27 Desemba 1994, baba mkwe wake, Mzee Ndewirwa Akyoo, alifanya shukrani ya kutimiza miaka themanini. Ilikuwa sherehe kubwa. Kwa mara ya kwanza Makumira iliona kamera ya video, ile kubwa ya begani, ambayo zamani mtu wa kawaida hangeiota lakini sasa ilikuwa imeanza kuuzwa madukani. Mpigaji alikuwa Bwana Luqman, mwenye studio Levolosi. Baada ya chakula Mzee alisimama, akamshika Tabea mkono, akatembea naye mpaka mpakani, penye mimea ya masale inayotenganisha mashamba, watu na kamera nyuma yao. Akasema, "Kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye masale haya ni pa Tabea na wajukuu zangu wawili. Elinami amekufa, lakini mke wake hajafa. Asije mtu kumgusa." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Shemeji yake, Bwana Gadieli, mdogo wa Elinami, alipiga makofi kuliko wote na kumkumbatia.

Mzee Ndewirwa alilala tarehe 22 Novemba 1999. Wakati huo viwanja vya karibu na barabara vilikuwa vinatafutwa na watu wenye magari. Mwaka uliofuata Bwana Gadieli alimwita Tabea na kumwambia kihamba cha chini ni mali ya ukoo, na ukoo umeamua kukigawa viwanja.

"Shemeji, Baba alinipa mbele yako," Tabea alisema.

"Mimi maneno hayo siyakumbuki," Gadieli akajibu.

Tabea alikwenda nyumba kwa nyumba kwa waliokuwepo. Mmoja alisema siku ile alikuwa jikoni. Mwingine alisema Mzee alizungumza mengi, nani akumbuke yote? Mzee mmoja wa kanisa alimshauri asamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyeombwa msamaha. Nusu ya Makumira ilikuwa pale mpakani, na hakupatikana hata mmoja aliyesikia.

Ndipo akakumbuka mkanda. Kaseti waliyopewa wana ukoo ilikuwa nakala ya nakala, na ilikuwa imechezwa kila Krismasi mpaka picha zikaanza kunyesha mvua. Tabea aliiazima, akaipeleka kwenye duka moja mjini lililotangaza kuhamisha mikanda kwenda kwenye diski wakati mteja anasubiri. Alisubiri kweli, akapewa diski inayong'aa. Kikao cha ukoo kilipoitwa mwaka 2001 na diski ikawekwa, Mzee Ndewirwa alionekana kama rundo la vipande vya vigae vinavyotembea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Huyo hata mimi naweza kuwa," Gadieli alisema, na chumba kizima kikacheka.

Tabea aliitoa diski yake, akaifunga kwenye khanga, akaondoka. Bintiye Diana, aliyekuwa naye, anasema walipofika barabarani mama yake alisema tu, "Wamemcheka Mzee."

Wakati huo Bwana Luqman alikuwa amehamia Daraja Mbili. Tabea alimfuata huko kumwuliza kama ule mkanda wa kwanza kabisa, uliokuwa ndani ya kamera siku ile, bado upo. Ulikuwepo, kwenye sanduku lililonyeshewa na mvua kubwa za mwaka 1997. Ukungu mweupe ulikuwa umeuvaa kama unga.

"Mama Diana, nikiutia huu kwenye deki sasa hivi, utakatika na deki itakufa," Luqman alimwambia. "Nipe muda. Nikikurupuka nitakupa picha ya kugombea. Wewe unataka picha ya kumaliza ugomvi."

"Chukua muda, Baba Najim," Tabea akamjibu. "Mimi nimeshangoja."

Ilichukua zaidi ya mwaka, maana Luqman alikuwa na kazi zake za harusi. Aliuacha mkanda ukauke polepole mahali pasipo jua. Akaufungua, akaufuta ukungu kwa kitambaa laini, kipande kwa kipande, akauhamishia kwenye kasha jipya. Kisha akaitafuta ile kamera yake ya zamani, iliyokuwa mbovu, akaitengeneza, kwa sababu alisema mkanda huonekana vizuri zaidi kwenye mashine iliyourekodi. Siku za Jumapili, baada ya ibada, Tabea alikwenda kukaa naye. Mkewe, Bi Swabaha, alikuwa akimwekea chai na kitumbua, na mara nyingine Tabea alimpelekea loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwenye kibuyu. Bi Swabaha yupo hapa leo. Alikuja na basi la kwanza, na ametangulia kufika kuliko wengi wanaokaa karibu.

Mwezi Aprili 2003 kazi ilikamilika. Mkanda uliingizwa kwenye kamera na kuchezwa mara moja tu, moja kwa moja kwenda kwenye diski, kwa ubora wa juu kabisa mashine iliouweza. Luqman alikataa kubana sherehe yote kwenye diski moja. Alisema ukiibana, nyuso ndizo zinazolipa. Tabea alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akamwona baba mkwe wake akitembea. Aliona mishipa ya mkono uliomshika. Aliona gauni la njano la binti yake Anande, na matope kwenye viatu vya wageni. Alimsikia Mzee akisema neno baada ya neno. Luqman alipogeuka kumwuliza kama ameridhika, alimkuta amejifunika uso.

"Yupo," Tabea alisema. "Baba yupo."

Jumamosi tarehe 14 Juni 2003 ukoo ulikaa tena, sebuleni kwa Bwana Gadieli. Diski ikawekwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mtu alionekana: aliyesema alikuwa jikoni alionekana mstari wa mbele, ameshika soda. Mzee wa kanisa alionekana akisema amina. Bwana Gadieli alionekana akipiga makofi na kumkumbatia shemeji yake. Wanawake walianza kulia, kwa sababu humo walikuwemo mama zao waliokwisha kufa, wakicheza wazima. "Rudisha hapo kidogo," walisema. "Mama yangu huyo! Rudisha." Ikarudishwa mara nyingi.

Ilipokwisha, mwenyekiti wa ukoo alikohoa, akasema, "Picha ni safi. Hakuna atakayebisha tena kwamba Mzee alisema."

Tabea alisema, "Nashukuru."

"Lakini," mwenyekiti akaendelea, "Mzee alisema kwa furaha ya sherehe. Ardhi ya ukoo haitolewi kwa furaha. Na wewe, mama, hukujaliwa mtoto wa kiume. Mabinti wataolewa, na udongo wetu utakwenda kwa watu tusiowajua."

Hivyo udongo ukaenda kwa watu wasiowajua, ila kwa kuuzwa.

Kabla hawajatawanyika, mke wa Bwana Gadieli alimshika Tabea bega. "Mama Diana, picha nzuri hivyo! Nitolee na mimi nakala." Mwingine akasema, "Na mimi usinisahau, nimemwona bibi." Wakamzunguka, mmoja baada ya mwingine, watu wale wale, macho yao bado yana machozi, wakiomba nakala.

Tabea aliwatolea. Alirudi kwa Luqman, akatengenezewa diski kwa kila nyumba iliyoomba, akazisambaza mwenyewe kwa miguu. Diana alikasirika. "Mama, unawapa za nini watu hawa?"

"Wawe nazo," mama yake alijibu. "Wakikaa kuangalia, wajiangalie."

Kama walijiangalia, matunda yake hakuyaona. Alifungua shauri kwenye baraza la kata, likaahirishwa na kuahirishwa mpaka mnunuzi akamaliza kujenga ukuta. Mwezi Machi 2004 alitolewa. Alihamia chumba cha kupanga Levolosi pamoja na mashine yake ya kushonea na masufuria. Kaburi la Elinami limebaki ndani ya ukuta ule. Siku ya kumbukumbu ya mwisho aliyokwenda, mlinzi alimwambia mwenye nyumba amesafiri na hana ruhusa ya kufungua. Tabea aliweka maua yake nje, chini ya ukuta, akasali akiwa amesimama barabarani, magari yakipita nyuma yake.

Afya yake ilianza kudhoofika mwaka huo huo. Alikuwa na shinikizo la damu, na baadaye figo zikashindwa. Alitibiwa hospitali mbalimbali hapa Arusha, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Mabinti zake walipokezana kumlaza na kumwamsha. Wiki ya mwisho Bwana Gadieli alifika hospitalini. Alikaa kwenye kiti, kofia mkononi. Kisha akasema ukoo umekaa na kukubaliana kwamba Mungu akimchukua, watamzika kwa heshima zote kwenye kihamba cha juu, kama mke wa ukoo.

Tabea alimtazama, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini Diana na Anande waliisikia wote wawili. "Ahsante, shemeji. Mlinikatalia pa kuishi. Msinipe pa kulala."

Bwana Gadieli alitoka bila kuaga. Inasemekana alionekana akilia koridoni. Hatujui alimlilia nani.

Marehemu alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2006, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Kaka yake, ambaye ndiye aliyesomeshwa kwa ile karo, ndiye aliyesema bila kuulizwa kwamba dada yake atarudi kwao. Ndiyo maana tupo hapa Akheri na si Makumira. Kwa waliofika kutoka Makumira na diski zao wanazo nyumbani, tunawashukuru kwa kuja. Chakula kipo, karibuni mle pamoja nasi. Hatuna la kuwaambia ambalo hamjaliona.

Tabea ameacha mabinti wawili, Diana na Anande, wakwe wawili, wajukuu watatu, ambao mdogo wao ni Solomoni wa miezi minane, kaka mmoja na dada wawili, pamoja na rafiki zake wa sokoni Kilombero, ambao wamefunga meza zao leo ili wamsindikize.

Mama, pumzika. Huyu Bwana aliyekupokea haombi ushahidi na hasahau alichokiahidi. Akupe kwake mahali ambapo hakuna atakayekuja kukwambia uhame. Amina.